Mwanafunzi Ndani ya Gari la Wagonjwa: Historia ya Mafunzo ya Huduma ya Dharura Mashambani Marekani

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza sehemu ndogo ya historia ya tiba ambayo kwa kawaida wanatheolojia huipita kando, nayo ni jinsi mtu anayejifunza kazi ya kuhudumu ndani ya gari la wagonjwa anavyopata uzoefu mahali ambapo watu wanaishi mbalimbali, wagonjwa wa dharura ni wachache, na hospitali iko mbali. Tumeichagua Marekani kwa sababu moja tu. Huko suala hili liliandikiwa sheria, mitaala na mitihani tangu miaka ya 1960, hata linaweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka, wakati mahali pengi duniani limeachwa mikononi mwa desturi.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu nini wachungaji na wanafunzi wa theolojia. Sisi nasi hutuma wanafunzi wetu sharikani wakapate uzoefu, na kila mara walimu hurudi kwenye swali lile lile: uzoefu huo upimwe kwa kitu gani? Kwa miezi aliyokaa? Kwa idadi ya mahubiri aliyohubiri, wagonjwa aliowatembelea na maiti aliowazika? Wenzetu wa magari ya wagonjwa wamelikabili swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yao yalikuwa na gharama kubwa kuliko yetu, kwa kuwa kwao mwanafunzi aliyehitimu bila kuiva hujulikana usiku wa kwanza anapoitwa.

Hoja yetu ni hii. Walioandika kanuni za mafunzo hayo walihesabu kwanza saa, kisha wakahesabu wagonjwa, na hesabu zote mbili zilifuata kipimo cha mji. Mashambani kilichomfundisha mwanafunzi kilikuwa kitu kingine, yaani muda mrefu pamoja na mgonjwa mmoja, na mtu aliyekomaa katika kazi akiwa ameketi kando yake. Kitu hicho hakikuandikwa vizuri katika mtaala wowote, na sasa, vikosi vya vijijini vinapopungua, kiko katika hatari ya kutoweka kabla hakijaandikwa.

Mihadhara mitano

Wazo kwamba raia wa kawaida afundishwe kumtunza majeruhi kabla daktari hajafika si la zamani sana. Henry Dunant wa Geneva alipowakuta majeruhi wa vita vya Solferino, Juni 1859, aliwakusanya wenyeji wa mji wa Castiglione, hasa wanawake, wawahudumie. Moyo walikuwa nao. Mafunzo hawakuwa nayo. Uingereza, mwaka 1877, ilianzishwa St John Ambulance Association ili kuwafundisha raia huduma ya kwanza, na wanafunzi wake wengi walitoka migodini, katika reli na katika polisi. Friedrich von Esmarch, daktari wa upasuaji na profesa wa Kiel, mji wa Kilutheri kaskazini mwa Ujerumani, aliyaona mafunzo hayo London, naye mwaka 1882 akaanzisha kwao shule aliyoiita ya Wasamaria. Kitabu chake cha kufundishia kilikuwa na mihadhara mitano. Mwanafunzi alisikiliza, akajizoeza kufunga bandeji, basi. Kukutana na mgonjwa halisi hakukuwa sehemu ya mafunzo.

Jina alilolichagua Esmarch linastahili kutazamwa kidogo na wasomaji wa jarida hili. Sisi wahubiri tukiufafanua mfano wa Luka 10:25-37 hukaa sana kwenye majeraha, mafuta na divai, halafu tunajikuta tayari tumefika kwenye nyumba ya wageni. Safari yenyewe hatuihubiri. Lakini mtu aliyewekwa juu ya mnyama wa mwenzake, nusu hai, katika njia ile ya miamba, ilibidi ashikiliwe asianguke, tena atazamwe kama bado anapumua. Mihadhara ya Kiel ilifundisha kufunga jeraha. Nani afundishe ile safari lilikuwa swali la karne iliyofuata.

Gari moja kwa mgonjwa na kwa maiti

Nchini Marekani, hadi katikati ya miaka ya 1960, aliyepata ajali mashambani kwa kawaida alichukuliwa na mwenye nyumba ya mazishi. Jambo hili huwashangaza wanaolisikia mara ya kwanza, lakini sababu yake ilikuwa nyepesi: katika mji mdogo ni yeye peke yake aliyekuwa na gari refu la kumlaza mtu. Viwanda vilitengeneza hata magari ya kazi mbili, ambayo asubuhi yalibeba jeneza na jioni yalibeba mama mjamzito, baada ya kubadilishwa vifaa vya sakafuni na kuwekwa taa juu. Dereva alimlaza mgonjwa nyuma na mara nyingi akaendesha akiwa peke yake mbele. Ikiwa mgonjwa aliacha kupumua njiani, hakuwapo wa kuona.

Si kila mahali palikuwa hivyo. Katika mji wa Roanoke, Virginia, Julian Stanley Wise, mfanyakazi wa reli, alikuwa mtoto wa miaka tisa mwaka 1909 alipowaona wanaume wawili wakizama mtoni baada ya mtumbwi wao kupinduka, na umati uliosimama ukingoni hakuwa nao mtu aliyejua la kufanya. Mwaka 1928 Wise na wenzake wa reli walianzisha kikosi cha kujitolea cha uokoaji, nacho kikawa kielelezo kwa vikosi vingi katika miji midogo na mashamba ya Virginia na kwingineko. Tunaona hapa mwanzo wa yule anayetuhusu: mtu mwenye kazi yake nyingine, ambaye jioni hujifunza kuhudumu na usiku huitwa.

Mwezi wa Septemba 1966 baraza la taifa la utafiti la Marekani lilitoa ripoti iliyoyatikisa mambo hayo. Ripoti iliviita vifo na ulemavu vitokanavyo na ajali ugonjwa uliosahauliwa wa jamii ya kisasa. Ilieleza kwamba katika mwaka 1965 pekee ajali ziliua watu 107,000 na kuwaachia wengine 400,000 ulemavu wa kudumu. Ilieleza pia kwamba karibu nusu ya huduma zote za magari ya wagonjwa nchini zilitolewa na wenye nyumba za mazishi wapatao 12,000. Waandishi wake walitaja maoni ya wataalamu waliorudi kutoka Korea na Vietnam, kwamba askari aliyejeruhiwa vibaya vitani alikuwa na tumaini la kupona kuliko raia aliyejeruhiwa katika barabara ya mji wa kawaida nyumbani. Mwaka huo huo bunge lilipitisha sheria ya usalama barabarani, iliyoipa serikali kuu nguvu ya kuyadai majimbo yawe na viwango vya magari ya wagonjwa na vya wahudumu wake.

Matokeo mashambani yalikuwa ya haraka na hayakutarajiwa na wengi. Viwango vipya, pamoja na mabadiliko ya sheria ya kima cha chini cha mshahara yaliyopitishwa mwaka 1966, viliifanya biashara ya gari la wagonjwa iwe hasara tupu kwa mwenye nyumba ya mazishi. Mmoja baada ya mwingine wakatangaza kwamba kuanzia tarehe fulani hawataitikia tena simu za wagonjwa. Kaunti nyingi zikajikuta hazina gari wala mtu. Ndipo wakulima, walimu, wenye maduka na mama wa nyumbani wakaketi katika ukumbi wa zimamoto na kuulizana nani atafundishwa. Haikuwa ndoto yao tangu utotoni. Waliingia kwa sababu hapakuwa na mwingine, na kwa maoni yetu historia ya mafunzo haya haieleweki bila kukumbuka hivyo.

Saa 81

Mtaala wa kwanza wa taifa kwa mhudumu wa gari la wagonjwa ulitolewa na idara ya usafirishaji ya Marekani mwaka 1971. Ulikuwa wa saa 81. Sehemu kubwa ilikuwa ya darasani na ya mazoezi ya mikono, na saa chache zilikuwa za kukaa hospitalini na kutazama. Mwaka 1970 ilikuwa imeanzishwa bodi ya kitaifa ya kuwasajili wahudumu, yenye makao Columbus, Ohio, na mwaka 1971 watu 1,520 wakafanya mtihani wake wa kwanza. Mwaka huo huo kilitolewa kitabu cha kufundishia cha chama cha madaktari wa mifupa, ambacho wanafunzi wengi walikijua kwa rangi yake ya chungwa tu.

Saa 81 zilikuwa kitu kidogo au kikubwa? Kwa daktari zilikuwa mzaha. Kwa mkulima aliyekamua ng'ombe alfajiri na jioni, ambaye alipaswa kuhudhuria darasa usiku mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa bila malipo, zilikuwa dhabihu. Tunadhani waliochagua idadi hiyo walilijua hilo, nao walitafuta kiwango ambacho mtu wa kujitolea angeweza kukifikia. Hatuoni sababu ya kuwalaumu. Lakini kuhesabu saa kuna udhaifu wake: saa hupita kwa aliyelala na kwa aliye macho.

Mji ulikuwa na njia nyingine. Katika mtaa wa Hill District, Pittsburgh, mwaka 1967, ilianza huduma iliyoitwa Freedom House, ambayo wahudumu wake walikuwa Wamarekani Weusi wa mtaa huo, wengi wao wakiwa hawana kazi kabla ya hapo. Daktari Peter Safar, mmoja wa waanzilishi wa njia ya kisasa ya kumrudishia mtu pumzi na mapigo ya moyo, aliwaandalia mafunzo ya saa zipatazo 300. Katikati ya miaka ya 1970 daktari Nancy Caroline akawa kiongozi wao wa tiba, akapanda nao magarini na kuwafundisha mbele ya mgonjwa. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 1975 serikali ya mji ilipoanzisha yake. Tutarudi kwa Nancy Caroline. Kwa sasa tuseme tu kwamba mwanafunzi wa Pittsburgh aliona kwa majuma machache wagonjwa ambao mwenzake wa mashambani angewaona kwa miaka.

Isidhaniwe kwamba vijiji vilibaki nyuma katika kila jambo. Simu ya kwanza ya namba ya dharura 911 haikupigwa New York wala Chicago, bali Haleyville, mji mdogo wa Alabama, tarehe 16 Februari 1968. Na katika kaunti ya Haywood, milimani North Carolina, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, daktari Ralph Feichter alikifundisha kikosi cha kujitolea cha uokoaji kutoa tiba ya moyo ndani ya gari, wakati miji mikubwa michache tu ndiyo iliyokuwa ikijaribu jambo hilo. Tukiutafakari mfano huo, tunaona kwamba umbali wenyewe ndio uliowasukuma. Hospitali ikiwa dakika tano, gari la kukimbia linatosha. Ikiwa ng'ambo ya mlima, ni lazima tiba ianze barabarani.

Mwaka 1973 bunge lilipitisha sheria ya mifumo ya huduma za dharura, na fedha za serikali kuu zikaanza kumiminika katika kanda zilizoundwa nchi nzima. Mwaka 1981 fedha hizo zilichanganywa katika kapu moja la ruzuku ya afya ambalo kila jimbo liligawa lilivyotaka. Wanahistoria wa huduma hizi hukubaliana kwamba huo ulikuwa mwisho wa uongozi imara wa taifa. Mashambani, ambako ada ya wagonjwa wachache haiwezi kulipa mshahara wa mtu, pigo hilo lilisikika zaidi, nao ukawa wakati wa kuuza keki na kupika chakula cha hadhara ili kununua mtungi wa oksijeni.

Mgonjwa mmoja kwa saa moja

Saa ziliongezwa hadi 110 katika mtaala wa miaka ya 1980. Mtaala wa mwaka 1994 uliingiza hesabu mpya: mwanafunzi apate kukutana na wagonjwa wasiopungua watano. Viwango vya mwaka 2009 vilipandisha idadi hiyo hadi wagonjwa kumi ambao mwanafunzi amewachunguza mwenyewe, na muda wa mafunzo ukakadiriwa kuwa kati ya saa 150 na 190. Kisha likafuata sharti lililoandikwa, kwa dhahiri, na watu waliokuwa wakiwakumbuka wa mashambani: wagonjwa hao waweza kuchunguzwa katika idara ya dharura, katika gari la wagonjwa, zahanati, nyumba ya wazee au ofisi ya daktari, na mahali pasipo na nafasi hizo, waweza kuwa watu waliofundishwa kuigiza ugonjwa.

Tusiipite ruhusa hiyo haraka. Inakiri kwamba mtu aweza kuhitimu kazi ya gari la wagonjwa pasipo kumgusa mgonjwa ndani ya gari. Katika wilaya ambayo simu ya dharura hulia mara mbili au tatu kwa juma, mwanafunzi aliyepangiwa zamu ya saa 12 Jumamosi aweza kuimaliza akiwa amefagia ukumbi, amehesabu bandeji, amekagua matairi na kunywa kahawa. Wakati wa masika simu italia siku aliyokwenda kwenye kazi yake ya kila siku. Kwa sababu hiyo wengi hushauriwa kusafiri hadi mji mkubwa na kupanda gari la huko kwa siku chache, na ni ushauri wenye maana. Huko ataona katika zamu moja maumivu ya kifua, ulevi, kisukari, ajali ya pikipiki na mzee aliyeanguka bafuni. Mikono yake itazoea. Woga wa kumwuliza mtu asiyemjua maswali ya mwili wake utapungua.

Hata hivyo, tuutazame kwa makini mfano mmoja wa kazi yenyewe. Wahudumu hawa hufundishwa kwamba mgonjwa ambaye hali yake imetulia apimwe upya kila baada ya dakika 15, na ambaye hali yake si nzuri apimwe kila baada ya dakika tano: mapigo, pumzi, msukumo wa damu, rangi ya ngozi, akili. Sasa chukua safari ya mji ya dakika kumi. Mgonjwa aliyetulia hupimwa mara moja, labda mbili, halafu hukabidhiwa kwa wauguzi. Chukua safari ya saa moja kutoka shambani. Huyo huyo hupimwa mara nne au tano, na mwanafunzi anaona kitu ambacho kipimo kimoja hakiwezi kumwonyesha, yaani mwelekeo. Kijana aliyepigwa tumboni na mpini wa mashine ana msukumo wa damu mzuri kabisa mwanzoni. Lakini mapigo yaliyokuwa 88 yamekuwa 104, kisha 120. Ngozi imepoa na kuloa. Mgonjwa aliyekuwa akitania sasa anauliza swali lile lile mara mbili. Msukumo wa damu bado haujashuka. Mwili wa kijana huficha upotevu wa damu kwa kuongeza kasi ya moyo na kubana mishipa, na unaposhindwa kuficha huanguka ghafla. Kitabu chochote cha fani hii kinaeleza hivyo kwa mistari michache. Kuitazama safari hiyo dakika kwa dakika, na kalamu mkononi, huku aliyekutangulia kazini akikuuliza kwa sauti ya chini umeona nini tangu mara ya mwisho, ni elimu ya namna nyingine.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaomhurumia mwanafunzi wa mashambani kana kwamba anakosa kila kitu. Anakosa wingi, urefu anao. Wagonjwa wake kumi, wakiwa amekaa nao saa moja moja, si sawa na wagonjwa kumi wa dakika kumi kumi, ingawa fomu ya chuo huwahesabu sawa. Kasoro kubwa ni nyingine. Urefu huo humfaa tu akiwapo mtu wa kumwongoza, na katika vikosi vidogo mara nyingi ndani ya gari wapo wawili, mmoja anaendesha na mwingine yuko na mgonjwa. Mwanafunzi akiongezwa, mwalimu wake ndiye huyo huyo aliyeshughulika na mgonjwa. Ni mwalimu ambaye hajalipwa, hajafundishwa kufundisha, na kesho alfajiri ana ng'ombe wa kukamua. Tena mgonjwa mahututi, ambaye angemfundisha mengi, siku hizi mara nyingi huchukuliwa na helikopta. Helikopta ya kwanza ya raia yenye makao hospitalini ilianza Denver mwaka 1972, na imeokoa wengi. Lakini inapopaa, mwanafunzi hubaki shambani.

Jirani juu ya machela

Liko jambo ambalo mitaala haikulihesabu kabisa, nasi wachungaji tunaliona mara moja. Mjini mgonjwa ni mgeni. Mashambani ni mwalimu aliyekufundisha kusoma, ni binamu, ni mtoto wa jirani. Anwani inapotajwa kwenye redio, wahudumu wanajua nyumba ni ya nani kabla ya kufika, na mara nyingine wanajua pia siri za nyumba hiyo. Mwanafunzi wa miaka 19 hujifunza hapo kwamba mzee wa kanisa hunywa, au kwamba alama mwilini mwa mke wa mtu hazikutokana na kuanguka. Sheria ya mwaka 1996 ya taarifa za afya humkataza kusema. Lakini Jumapili atakutana nao kanisani, na sheria haimfundishi amtazame vipi.

Katika majimbo ya Minnesota na Dakota, ambako Walutheri ni wengi, si ajabu mchungaji wa usharika kuwa mmoja wa wahudumu au kuwa chaplain wa kikosi. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, aliyekuwa amefanya kazi hizo za dharura kabla ya kuwa mwanasaikolojia, alitangaza utaratibu wa kuwakusanya wahudumu baada ya tukio zito ili waeleze waliyoyaona na kuyasikia moyoni. Utaratibu huo ulienea upesi, na wachungaji wengi walifunzwa kuushiriki. Uchunguzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2002 haukuona ushahidi kwamba kikao kimoja cha lazima baada ya msiba huzuia madhara ya baadaye, na ulitahadharisha kwamba chaweza hata kuwadhuru wengine. Tangu hapo wengi wameacha ulazima na kurudi kwenye njia ya polepole: kumtembelea mtu, kula naye, kumwuliza tena baada ya mwezi. Hatufichi kwamba habari hiyo ilitufurahisha kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo mchungaji wa kijijini ameifanya siku zote bila kuipa jina. Lakini tusijisifu mapema. Mwanafunzi aliyetoka kumtoa mtoto chini ya trekta hahitaji mchungaji anayefika na hotuba tayari.

Vikosi hivyo vya kujitolea sasa vinapungua. Vijana wamehamia mijini, waliobaki wana kazi mbili, na waliojiunga miaka ya 1970 ni wazee wasioweza kuinua machela. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba gari la wagonjwa, ambalo kwa wastani hufika dakika saba baada ya simu, mashambani huchukua zaidi ya dakika 14, na karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi huko hungoja karibu nusu saa. Watafiti wa Maine, mwaka 2023, walikuta katika majimbo 41 watu milioni 4.5 wanaoishi zaidi ya dakika 25 kutoka kituo cha gari la wagonjwa. Kikosi kinapofungwa, watu huhesabu gari lililopotea. Mahali pa mwanafunzi kando ya mhudumu wa miaka thelathini hapahesabiwi, na hapanunuliwi kwa ruzuku ya mwaka ujao.

Kutoka Pittsburgh hadi Nairobi

Tuliahidi kurudi kwa Nancy Caroline. Baada ya Pittsburgh aliandika kitabu cha kufundishia wahudumu wa dharura kilichotumika sana, akahudumu Israeli, na katika miaka ya 1980 akaja Nairobi kufanya kazi na madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Mwalimu wa mitaa ya mji wa viwanda alijikuta katika eneo ambalo umbali wake ungemeza mara nyingi kaunti ya Haywood, na ambapo gari la kwanza la mgonjwa lilikuwa kitanda kilichobebwa mabegani.

Kwetu Tanzania gari la misheni na gari la mchungaji yamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na wasomaji wengi wa jarida hili wamewahi kuamshwa usiku kwa ajili yake. Katika miaka ya 2010 ulianza, Sengerema na Shinyanga, mpango uitwao m-mama, ambao mwaka 2022 ulizinduliwa kuenezwa nchi nzima. Mama mwenye uchungu au mtoto mchanga aliye hatarini hupigiwa simu kwa namba 115, mhudumu wa kituo huuliza maswali ya hali yake, na pasipo na gari la wagonjwa karibu huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha. Umetumia kilichopo, kama miji midogo ya Marekani ilivyotumia gari la mwenye nyumba ya mazishi, ila huu umeanza na usajili, malipo na swali la afya kabla ya safari, mambo ambayo wale hawakuwa nayo.

Dereva anaendesha. Katika kiti cha nyuma, kando ya mama huyo, mara nyingi huketi mama mkwe, au shangazi, au muuguzi wa zahanati ambaye ameifunga zahanati ili aje naye. Katika vyuo vyetu vya uuguzi na vya waganga, safari hiyo haina saa zake katika ratiba, na mwanafunzi anayetaka kuijifunza anaipata kwa kuomba nafasi garini kama kuna nafasi.